Wavunaji wa Mzee Zéphirin

Jua lilikuwa linashuka Mama aliponituma chumvi kwenye duka la karibu na gare ya treni.

"Odile, pita barabara kubwa," alisema. "Usipite kwa Zéphirin."

Nilikwenda kwa barabara kubwa. Wakati wa kurudi mawingu yalikuwa yamejaa, upepo wa mvua unapiga. Nikakata njia katikati ya mashamba.

Ilikuwa miaka ya Wabelgiji, kila nyumba ya Kindu na vijiji vyake ikilazimishwa kulima mpunga. Asiyelima alichapwa fimbo. Mzee Zéphirin hakuchapwa kamwe. Aliishi peke yake, hana mke, hana mtoto, na shamba lake lilipita yote kwa ukubwa. Mzungu wa kilimo alimsifu mbele ya watu. Lakini hakuna aliyewahi kumwona ameshika jembe. Watu walinong'ona kwamba anafukua wafu usiku wa maziko na kuwatumikisha. Na kwamba hawaonjeshi chumvi, maana mfu akilamba chumvi hukumbuka jina lake.

Mimi sikujali sana maneno hayo. Nilikuwa na msiba wangu. Mdogo wangu Onema alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Kampene kifua kimejaa vumbi, tukamzika kabla mpunga haujatoa masuke. Kikohozi chake bado kilikuwa masikioni mwangu. Kikavu, mara mbili, kisha pumzi ndefu inayokwaruza.

Nilipofika katikati ya shamba, ndege walinyamaza.

Kisha nikasikia visu.

Krr... krr... krr...

Visu vidogo vinakata masuke. Vingi, vyote kwa pamoja, kama vimeshikwa na mkono mmoja. Harufu ikanijia, udongo uliofukuliwa karibuni, na chini yake kitu kitamu kilichooza.

Nilichuchumaa ndani ya mpunga. Nikawaona.

Mstari wa watu, wameinama, vichwa vimefungwa sanda hadi machoni. Hawakuzungumza. Hawakupangusa jasho. Mbu walinijaa usoni. Juu yao hakutua hata mmoja.

Nilianza kurudi nyuma kwa magoti.

Ndipo mmoja wao akakohoa.

Kikavu. Mara mbili. Kisha ile pumzi...

Onema.

Mwili wangu wote ulitaka kukimbia. Mwishoni mwa shamba taa iliwaka, Mzee Zéphirin akaanza kuja kando ya mstari, akipapasa mabega ya watu wake mmoja baada ya mwingine. Nikajiuliza, nikifika nyumbani peke yangu, nitamwambia Mama nimesikia nini? Nikafungua kifurushi cha chumvi.

Nilitambaa. Taa ilizidi kukaribia. Nilipofika nyuma yao, mwili mmoja ulipepesuka nje ya mstari, ukaniangukia kifuani. Nikatia vidole chini ya sanda, nikampaka chumvi mdomoni. Ulimi ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Ukasogea.

Ukalamba.

Mkono ukanishika kwa nguvu, na visu vyote vikasimama. Vichwa vikageuka.

"Nani anagusa watu wangu?" Mzee Zéphirin alinong'ona.

Nilimvuta yule mtu, tukakimbia. Nyuma yetu hakuna aliyekimbia. Nilisikia tu mpunga ukilala, taratibu, kama mnyama mkubwa anatambaa kutufuata. Ulinyamaza tulipoona moto wa jikoni kwetu.

Mama aliinua taa.

"Mama," nilisema, "nimemuleta."

Aliifungua ile sanda. Akatazama kwa muda mrefu.

"Odile. Haiko Onema huyu."

Alikuwa kijana nisiyemjua kabisa. Alitetemeka, akakohoa tena. Kikohozi kilekile. Mama akamkalisha, akampa maji.

"Weye njo nani?"

"Godefroid," alisema, kama mtu anayejaribu neno geni. "Muntu wa Punia. Nilichimba Kampene. Nikagonjwa."

Nikaelewa. Kampene iliwapa wote kikohozi kimoja.

"Kwa nini uliniangukia?" nilimwuliza.

"Nilisukumwa. Kulikuwa muntu kando yangu. Alipokuona, alinisukuma kwako."

"Muntu gani?"

"Kule hatukuwa na majina." Akafikiri. "Kijana. Yeye pia alitaka kukohoa. Akajiziba mudomo."

Mama alikaa chini kwenye udongo.

Asubuhi nilikwenda kwa Mzee Zéphirin, na Mama hakunizuia, tulikwenda wote. Shamba lilikuwa limevunwa hadi mwisho. Mzee Zéphirin alikuwa amekaa mlangoni pake akila ndizi ya kuchoma.

"Mulichukua mumoja," alisema polepole. "Sasa mahali pake iko wazi."

Alimtazama Mama. Kisha mimi.

Sikurudi nyuma.

"Nipe mudogo wangu," nilisema. "Nitakuja kila magaribi mpaka umutoe."

Akaacha kutafuna. Aliogopa, au alikuwa ananipima. Hadi leo sijui.

Magaribi yale nilikwenda. Mlango ulikuwa wazi, majivu ya jiko yamepoa, mwenyewe hayupo. Wengine walisema amevuka mto Lualaba. Wengine walisema watu wake ndio waliomchukua. Godefroid alipopata nguvu alishika njia ya Punia, na habari zilizotufikia zilisema mama yake alimpokea kwa kilio cha furaha, ila mbwa wa nyumba ile walihama.

Mvua ziliporudi, hakuna aliyethubutu kulima shamba lile. Mpunga ukaota. Kwa mistari iliyonyooka.

Tulisimama ukingoni, Mama na mimi, jua linashuka. Udongo ulikuwa umetoka kupaliliwa, bado mbichi, na hapakuwa na nyayo hata moja.

Mama alinishika mkono. Nikautoa taratibu, nikaingia kati ya mistari, nikaanza kuita jina la Onema.