Msafara Usiokatwa na Taa

Maiti ya Semeni ilikuwa juu ya mistari ya kivuko cha waenda kwa miguu, mtaani Azaiba, mfuko wa maziwa ya unga ungali mkononi. Alikuwa mtumishi wa nyumbani, katumwa dukani. Inspekta Thabit alimtazama, akapima alama za matairi, wala hakuhisi chochote.

Dereva wa pikapu, Benedict wa Bukoba, alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara. Mashahidi walisema taa ilimruhusu marehemu kuvuka. Benedict alisema na yeye taa ilimwashia kijani. Nani angemsadiki? Akatiwa mahabusu, kinachomngoja ni jela, kisha kurudishwa kwao.

Mafundi wa taa walimweleza Thabit kwamba njia ile ilikuwa kwenye majaribio. Basi lenye kisanduku maalumu likikaribia, hutuma habari kwa redio, na taa hulifungulia njia. Lakini jioni ile mabasi yote yalikuwa gereji. Nyuma ya pikapu ulikuja msafara wa harusi tu.

Kesho yake Thabit akaenda Madinat Sultan Qaboos, nyumbani kwa bibi harusi, kutafuta mashahidi zaidi. Mama mtu alimkaribisha kwa halua na kahawa.

"Harusi hii ina baraka, mwanangu," alisema. "Toka hapa mpaka kwa bwana harusi hatukusimama hata taa moja. Kila tukifika, kijani."

Thabit akaacha kutafuna. Akauliza gari la mbele aliendesha nani. Mwanawe, Msellem, alijibiwa. Yuko kampuni ya mabasi, ndiye anayefunga vidude vyao vipya.

Kituoni, Msellem hakusumbua.

"Kisanduku kiko wapi?"

"Nimekirejesha gereji."

"Kwa nini ulikitoa?"

"Harusi ya dada yangu mkubwa, taa ilitukatia msafara. Bibi harusi akafika peke yake, sisi tumebaki nyuma. Mwaka haukwisha, akaachwa. Mama anailaumu taa ile mpaka leo. Huyu mdogo akija kuposwa, mama hulia."

"Na wewe unaamini?"

"Siamini, bwana. Nilitaka mama alale."

"Ulijua kisanduku kinayapa magari kijani hata mtu akiwa bado katikati ya kivuko?"

Msellem akasema taratibu, "Nilijua. Ndiyo kasoro tuliyokuwa hatujaitengeneza. Nikasema, jioni moja tu."

Thabit akamsogezea karatasi ya maelezo, naye akatia saini bila kusoma. Katika chumba cha pili, Benedict alifunguliwa. Inspekta alimwambia hana kosa. Taa ilikuwa kijani kweli, kama alivyosema.

Benedict alifunga kamba za viatu vyake, kimoja, kisha cha pili. Hakuinuka.

"Taa niliiona, afande," alisema. "Yeye ndiye sikumwona."