Miaka ya Kaka Yangu Ilifungiwa Karanga

Nina miaka arobaini na sita, na nilikuwaga najigamba kwamba hakuna jambo la dunia hii litakalonishangaza. Mie niliyeingia Dar es Salaam kutoka Masasi na darasa la nne tu, nikafagia sakafu, nikaishia kushika funguo za chumba cha kompyuta! Wangapi wenye digrii waliniomba ruhusa ya kuingia mle?

Kazi ya kufagia alinitafutia kaka yangu Hamisi, kuli wa maghala ya shirika letu la umma pale Kurasini. Kwake Temeke nilikaa miaka sita, nikala, nikavishwa...

Kila Ijumaa nilinakili kumbukumbu za wafanyakazi kwenye mikanda miwili mikubwa ya kompyuta. Mmoja kabatini, mmoja nyumbani kwangu, ofisi ikiungua tusiumbuke. Sikukosa Ijumaa hata moja!

Ikaletwa kompyuta mpya, ya kampuni nyingine, nchi nyingine. Anna, karani wetu kutoka Moshi, akanisihi nijaribu kwanza kurudisha mkanda mmoja kwenye hiyo mpya, kabla ya ile ya zamani kuvunjwa.

"Dada Anna, mkanda ni mkanda," nikamwambia mbele ya watu. "Redio ya Mjapani na ya Mholanzi, taarifa ya habari si ile ile?"

"Haya, profesa. Mimi nimesema."

Watu wakacheka. Nikasaini fomu kwamba nakala zimejaribiwa. Sikuwa nimejaribu hata moja...

Mashine ya zamani ikakatwa vyuma chakavu. Na marundo ya karatasi ambazo mashine hiyo ilichapa majina ya wafanyakazi na miaka yao ya kazi? Karatasi zilikuwa adimu siku zile. Nikampa mama muuza karanga wa getini afungie. Nikajiona mwema!

Mashine mpya ikawashwa. Nikaweka mkanda wa kabatini. Ukazunguka, ukazunguka... zikachapwa alama zisizosomeka. Nikakimbilia nyumbani kuleta wa pili. Vile vile. Mikanda ilikuwa mizima, ila mashine haikuijua lugha yake. Na iliyoijua haikuwepo tena.

Watu wa ofisini walikuwa na majalada yao. Makuli walikuwa mikandani tu.

Miezi miwili baadaye Kaka Hamisi akastaafu. Miaka ishirini na miwili ya kubeba magunia! Alipodai kiinua mgongo, wakamwambia wanachokiona wao kwenye mashine mpya ni miezi miwili. Alete ushahidi. Barua yake ya ajira ilishaliwa na mchwa, na msimamizi aliyemwandika alishazikwa.

Sikulia. Nilikwenda kwa yule mama nikanunua karanga zote, siku baada ya siku, nikikaa barazani kufungua pakiti moja moja.

Hamisi akanikuta. Nikamwamkia shikamoo, akaitika.

"Unatafuta nini, mdogo wangu?"

Nikamweleza. Na ya ile saini nikamweleza. Akaokota karatasi moja, akaikung'uta chumvi.

"Kumbe miaka yangu umefungia karanga."

Hakupaza sauti. Wiki ile ile akarudi Masasi na mkewe. Barua zangu hajibu.

Nikaachishwa kazi. Hata hilo halikuniuma. Siku hizi nikisalimiwa naitika tu, kama mtu aliyeko chumba cha pili...

Ndugu wasomaji, nakala ambayo hujairudisha ukaiona kwa macho yako, hiyo si nakala! Mtu akikwambia jaribu kwanza, jaribu, hata kama watu wanakutazama. Mie nilitaka wacheke. Walicheka. Ikawaje?

Nilipata karatasi kumi na moja za majina. La Kaka Hamisi halikuwemo. Karanga zile zilinigharimu shilingi mia moja thelathini na nne na senti hamsini.