Goti la Mukami

Jumamosi asubuhi, langoni mwa Bustani ya Miti, hapapitiki. Maharusi wanapiga picha, kwaya inafanya mazoezi, watoto wanalilia aiskrimu. Ukimwona mtu amesimama peke yake katikati ya vurugu hiyo, anajifanya kusoma simu, ujue huyo ni mgeni wa kikundi cha matembezi. Siku hiyo mgeni alikuwa Mukami wa mtaa wa Donholm, traksuti ya zambarau mpya kabisa, raba nyeupe pepepe, nywele zimesukwa juzi tu. Alikuwa amependeza, na hakuna aliyemwambia.

Niseme wazi kilichompeleka, maana yeye hangekwambia. Hakuwa akitafuta afya. Tangu mama yake afariki, Mukami alitoka ofisini Ijumaa na hakuongea na mtu hadi Jumatatu, isipokuwa labda muuza maziwa. Televisheni ilishinda ikiwaka ili nyumba isikike kama ina watu. Majirani walisalimiana kwenye ngazi, kila mmoja akafunga mlango wake. Ndivyo tulivyo siku hizi, tusidanganyane.

Safari yenyewe ni ya msituni. Unatoka bustanini, unafuata njia ya udongo kati ya miti mirefu, unavuka kijito, unapanda hadi nyumba ya mawe ya kale iliyojengwa na mkoloni mmoja, yenye veranda pana na mabati mekundu. Kiongozi, Madam Sally, hutangulia. Nyuma kabisa huja mkia. Mkia ndiye anayevaa riflekta, kizibao cha manjano cha kung'aa, na sheria yake ni moja tu: asiwepo mtu nyuma yake. Ukisimama kupumzika, naye anasimama.

Mukami alikuwa na miguu myepesi, amelelewa Kirinyaga akipanda na kushuka mashamba ya majani chai. Lakini huko mbele watu walitembea wawili wawili wakicheka mambo yao, naye akajikuta anawapita kama mtu aliyetumwa dukani. Machozi yakaanza kumlenga. Akasimama kando, akainama kufunga kamba ya raba ambayo haikuwa imefunguka. Watu wakapita wote, kisha riflekta ikasimama mbele yake.

"Sasa, madam. Kuna shida?"

"Hapana. Ni goti tu."

Goti lake halikuwa limeuma tangu azaliwe.

"Goti si kitu cha kuchezea," mwanamume akasema. Alikuwa mrefu, kofia ya bluu imepauka, mikono ina alama za moto za fundi wa kuchomelea vyuma. "Tutaenda polepole. Naitwa Otiende, natoka mtaa wa Lucky Summer."

"Mukami. Pole, nakuchelewesha."

"Unanichelewesha niende wapi? Kazi yangu ni kufika mwisho."

Mukami akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza wiki ile.

"Huu mti unaitwaje?" akauliza, ili mazungumzo yasife.

Otiende akautazama juu hadi chini kama daktari. "Huu? Huu unaitwa mti mkubwa."

Basi ikawa ndiyo desturi. Goti la Mukami liliuma kila Jumamosi na kupona kila Jumatatu. Otiende akamletea dawa ya kuchua, kichupa kidogo cha kijani, akamwonyesha namna ya kupaka. Kisha zikaanza simu za jioni.

"Haya mrembo, goti linasemaje?"

"Linakusalimia, jaduong'," Mukami akajibu kwa neno la Kijaluo la kumheshimu mzee.

"Umelipaka dawa?"

"Nimepaka."

Mwongo. Kichupa kilikuwa juu ya televisheni, hata kifuniko hakijaguswa.

"Na umekula nini?"

"Githeri."

"Peke yako?"

"Na nani tena?"

Otiende alikuwa ameketi kitandani katika chumba chake cha Lucky Summer, anasikia familia ya upande wa pili wa ukuta ikila na kubishana. "Siku moja nitakuja tule wote, sweetheart. Usinicheke."

"Nani amecheka?" Mukami akajibu, na kweli hakuwa anacheka, alikuwa anafuta macho kwa leso.

Angemwambia ukweli wakati ule, hadithi ingeishia hapo. Lakini aliogopa. Kama goti halina shida, mkia atakuwa na sababu gani ya kutembea naye? Hivyo ndivyo alivyowaza, mtu mzima mwenye akili zake.

Jumamosi moja Madam Sally akamwita langoni, simu sikioni, kalamu mdomoni, kichwa kimejaa mambo ya watu wengi. "Mukami, leo wewe panda gari na wazee. Mtatupata kwa nyumba."

"Kwa nini?"

"Otiende ameniomba nikutoe kwa mkia. Anasema hiyo mwendo haiwezekani tena."

Mukami akahisi uso unamchoma. Otiende alikuwa mbali, anamsaidia Mama Ndindi, bibi wa fimbo ambaye siku zote alikataa kupanda gari. Amenichoka, Mukami akajisemea, na badala ya kuniambia ametuma mtu. Hakupanda gari. Alikaza kamba za raba, safari hii kwa kweli, akaondoka. Akawapita wawili wawili wote. Akampita Madam Sally mwenyewe, aliyebaki kinywa wazi.

Simu ikalia karibu na kijito, akaiacha. Ikalia tena.

"Mukami, uko wapi? Sally ananiambia umempita mbio. Na hilo goti?"

"Goti ni langu. Si uliomba nitolewe kwa mkia? Nimetoka."

"Sikiza, nilitaka tu..."

Akakata, akaizima kabisa.

Alifika kwenye ile nyumba kabla ya watu wote. Aliketi kwenye ngazi za veranda, baridi ya mawe ikampenya mapajani. Gari la wazee likaja. Baadaye watu wakaja, wakafungua chupa za chai, wakala mandazi, wawili wawili. Hakuna aliyemkaribia. Dereva akamuuliza kama angependa kurudishwa Donholm mapema. Mukami akawaza televisheni, sufuria moja, kichupa cha kijani. Akasema ndiyo. Akaweka mguu kwenye gari.

Ndipo akamwona mtu anatoka kwenye miti. Hana riflekta. Anaburuta mguu wa kulia, anashika mti huu, anashika ule, amelowa jasho. Mukami alidhani ni mlevi. Kisha akaiona kofia ya bluu.

Akamwendea mbio. "Riflekta iko wapi?"

"Nimemvalisha Mama Ndindi. Amenifukuza nije kukutafuta. Amesema leo mkia ni yeye." Otiende akajishusha kwenye ngazi polepole, anauma meno.

"Na huo mguu?"

"Ni goti. Nilianguka kwa paa nikichomelea, huko Industrial Area, zamani. Kwani unadhani ni kwa nini mimi ni mkia kila wiki? Mbele siwezi." Akapumua. "Nikaona lako linaanza vile langu lilianza. Nikaogopa. Nikamwambia Sally akupandishe gari. Nilitaka nikuambie mwenyewe, akaniwahi."

"Na wewe ungetembea na nani?"

"Na mti mkubwa."

Mukami hakucheka. Aliketi kando yake. "Otiende, goti langu haliumi. Halijawahi kuuma."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Nilikuwa mpweke. Nilitaka mtu wa kuongea naye."

Otiende akatazama mikono yake muda mrefu. Mukami alijua sasa atainuka aende, na angekuwa na haki.

"Na dawa yangu?"

"Sijaifungua."

"Basi nirudishie. Nilikuwa na hiyo moja tu."

Mukami akalia na kucheka kwa pamoja, bila kujali nani anatazama. Wakangoja pale hadi Mama Ndindi akatokea mitini, riflekta ikimfika magotini, akatazama nyuma yake kuhakikisha hakuna mtu.

"Madam," dereva akaita, "bado unaenda Donholm?"

Mukami akamtazama Otiende. "Kuna githeri kwa nyumba. Na dawa iko juu ya televisheni."

"Unanialika, ama unanirudishia mali yangu?"

"Simama, jaduong'." Akamgeukia dereva. "Tunaenda. Tuko wawili."

Otiende alipanda kwa shida, mguu mmoja kwanza, kisha ule mwingine. Mukami alisimama nyuma yake, hana haraka, hadi alipoketi.