Kibanda cha Kigari cha Marlys

Kwa akina Moen ng'ombe hula kwanza, watu baadaye. Ndivyo ilivyokuwa enzi za baba yake Verlyn, na ndivyo ilivyo hadi leo. Kabla hakujapambazuka, Marlys huvaa soksi mbili mbili, hujifunga kitambaa usoni, kisha huwasha kigari na kuwapelekea ng'ombe majani makavu. Ni kile kigari cha shambani cha magurudumu manne, chenye viti viwili mbele na bodi ndogo ya mizigo nyuma. Injini yake iko chini ya viti. Hupita kwenye theluji ambamo gari la kawaida lingekwama. Lakini hakina milango wala vioo. Kina nguzo za chuma tu juu ya viti, za kumlinda dereva kikipinduka.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Verlyn, mumewe. Kisha akafanyiwa upasuaji wa nyonga. Akabaki ndani na gongo lake, akipika kahawa na kutoa maoni. Marlys akashika usukani. Majira ya baridi yale yale vidole vyake viliganda mpaka ncha zikawa nyeupe. Daktari alimwambia wazi kwamba vikiganda tena huenda akavipoteza. Na bila vidole vya Marlys, ng'ombe wangeuzwa. Wote wawili walilijua hilo, ndiyo maana hawakulizungumza.

Mimi naishi ng'ambo ya ziwa lao, na watu wetu wa huku kaskazini mwa Minnesota nawajua vizuri. Hatulalamiki. Mtu akivunjika mguu, ukimuuliza hali atakujibu, "Si mbaya sana." Akipata mali ya ghafla atakujibu vivyo hivyo. Marlys ni bingwa wa jibu hilo, na nusura limuue.

Vibanda vya kufunika vigari vinauzwa madukani, vizuri, vyenye vioo na hita. Verlyn alipoona bei alicheka kwa pua. Akasema atajenga chake mwenyewe. Hakuna aliyemshangaa. Kila mwaka ziwa letu likiganda, tunaburuta vibanda vya mbao juu ya barafu, tunatoboa tundu, tunakaa ndani kwenye joto na kuvua samaki. Kibanda cha Verlyn husifiwa ziwa zima. Watu huja kukitazama kama wanaotazama mtoto mchanga.

Basi akajenga cha kigari kama alivyozoea. Alifanya kazi ghalani akiwa ameegemea gongo, tangu majani yalipoanza kupukutika hadi theluji ya kwanza. Alikata plaiwudi kwa ajili ya kuta na paa. Kioo cha mbele alikitoa kwenye dirisha la nyumba ya marehemu mama yake. Mlango aliufunga kwa komeo la mbao, kwa ndani. Kila ufa aliujaza povu la kuzibia, maana kigari kinatembea na upepo haungoji kukaribishwa. Mwishowe akaweka ndani hita ndogo ya gesi, ile ile anayokwenda nayo kuvua.

"Humo utaendesha umevaa kandambili, mama," alimwambia Marlys.

Marlys alikizunguka kibanda, akapapasa mbao zilizopigwa msasa hadi zikawa laini. Alijua kila ubao ulivyomuumiza mumewe nyonga. Machozi yalimlengalenga, akasingizia vumbi la mbao.

Na kweli mlikuwa na joto. Siku za mwanzo alirudi nyumbani mashavu yamemwiva, vidole vizima, Verlyn akatembea jikoni kifua mbele. Kisha yakaanza maumivu ya kichwa. Marlys alikuwa akiingia, anavua buti, anakaa kimya na kikombe chake bila kunywa. Kichefuchefu kilimfanya aache chakula. Akikaa ndani ya nyumba hadi mchana, yanapoa. Akienda kanisani Jumapili, anakuwa mzima kabisa. Kesho yake akilisha ng'ombe, yanarudi. Verlyn alimuuliza kama anaumwa. Akamjibu kwamba ni mafua tu, si mbaya sana. Mumewe akauliza kibanda kinaendeleaje. Akajibu kizuri mno.

Asubuhi moja baridi ilikuwa kali na upepo ulikuwa ukisukuma theluji. Marlys alirudi kinyumenyume hadi kwenye majani makavu, karibu na lundo la theluji. Akapakia majani, akaingia tena kupata joto kabla ya kuondoka. Injini aliiacha ikinguruma. Hita ilikuwa inawaka. Alikumbuka kwamba hajafunga lango, lakini miguu ilikuwa mizito. Akajiambia atapumzika kidogo.

Lavonne Aho ndiye anayeendesha gari la kuondoa theluji barabarani kwetu. Pia ni mmoja wa wazimamoto wa kujitolea. Asubuhi hiyo alikuta ng'ombe wa akina Moen wamesimama katikati ya barabara. Marlys haachi lango wazi, hata siku moja. Lavonne alisimamisha gari, akafuata nyayo hadi kwenye kigari. Kwa dirisha akamwona Marlys ameegemea ubao, macho nusu wazi. Aligonga. Marlys aligeuza kichwa polepole, akatabasamu kama mlevi. Mlango haukufunguka kwa nje. Lavonne aliung'oa kwa koleo lake la theluji, akamburuta mwenzake hadi kwenye hewa safi, kisha akazima kila kitu na kuita gari la wagonjwa.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Daktari alisema Lavonne angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunapika chakula cha msiba kwenye ukumbi wa kanisa.

Jioni yake Lavonne alikwenda kumwona Verlyn. Alimkuta jikoni, sahani ya viazi vya kuoka haijaguswa, gongo limeanguka sakafuni. Verlyn alisema atakichoma moto kibanda kile, na ng'ombe atawauza wiki hiyo hiyo. Lavonne aliokota gongo, akajimiminia kahawa bila kuombwa.

"Mzee, kibanda chako cha ziwani kina matundu mangapi?" akauliza.

"La samaki. Na moja chini ukutani, na moja juu darini."

"Hayo mawili ni ya nini?"

"Ya kuingiza hewa na kuitoa. Ili tusife," Verlyn akajibu.

Lavonne akanywa kahawa. "Na hiki cha kigari kina mangapi?"

Verlyn akafunika uso kwa viganja vyake vipana. "Niliyaziba," akasema. "Niliyaziba yote, Lavonne. Nilitaka asipate baridi."

Lavonne alimwacha alie. Kisha akamweleza taratibu. Kila kinachowaka mahali penye hewa haba kinaweza kutoa gesi ya sumu, iitwayo kaboni monoksaidi. Huioni, huinusi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi, na mtu hupata nafuu akitoka mahali penye hiyo gesi. Ndiyo maana Marlys alikuwa mzima Jumapili. Hita ya gesi ya kubebeka haifai ndani ya kibanda kidogo namna ile. Tena kibanda cha ziwani hakina injini chini ya kiti. Hiki kinayo, na moshi wa ekzosi, ukizuiwa na lundo la theluji, hupanda kwenye nyufa za sakafu.

"Wewe uliziba juu, mzee. Chini hukuziba," alisema.

"Basi nikichome."

"Usikichome. Baridi ya mwaka huu bado haijaisha, na ya mwakani inakuja. Marlys anahitaji kibanda. Kijenge tena."

Majirani tulipokezana kulisha ng'ombe. Wengine walileta viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, mpaka friji ya Verlyn ikakataa kufungika. Lavonne alikuwa akija akimaliza barabara, na wakafanya kazi pamoja ghalani.

Hita ya gesi ilitoka kwanza. Mahali pake waliweka hita ya maji moto iliyong'olewa kwenye gari bovu. Maji ya moto hutoka kwenye injini kwa mipira, hupita kwenye kijirejeta kidogo, na feni husukuma joto ndani. Hakuna kinachowaka kibandani. Sakafu na ukuta wa upande wa injini waliviziba kwa bati na silikoni isiyoungua. Ekzosi wakairefusha mpaka ikatokeza nyuma ya bodi. Kisha wakatoboa tundu moja chini na moja juu, Verlyn mwenyewe akishika keekee.

Kioo cha dirisha la marehemu mama yake Verlyn kilirudi stoo. Kikivunjika hutoa vipande vya kukata shingo. Badala yake waliweka plastiki ngumu inayopitisha mwanga, mbele, ubavuni na nyuma pia, ili Marlys aone anaporudi kinyumenyume. Verlyn alitaka kutoboa nguzo za chuma afunge kuta. Lavonne alimkataza. Nguzo hizo ndizo zitakazomlinda mtu kigari kikipinduka, na tundu huzidhoofisha. Wakatumia vibanio vya kuzungushia. Mlango mmoja ukawa miwili, inayofunguliwa kutoka ndani kwa kusukuma na kutoka nje kwa kuvuta, na bawaba zake ni za pini. Siku ya kwenda ziwani pini zinachomolewa na milango inabaki nyumbani, kwa sababu barafu ikivunjika hakuna nafasi ya kutafuta kitasa.

Mwisho kabisa Lavonne alibandika juu, karibu na kichwa cha dereva, king'ora kidogo cha kutambua ile gesi. Akamwonya Verlyn kwamba king'ora hakichukui nafasi ya matundu.

Marlys aliporudi kutoka hospitalini, Lavonne alimuuliza kwa nini hakusema mapema. Marlys alitazama mikono yake.

"Alikijenga ameegemea gongo," akasema. "Ningemwambiaje kwamba kinaniumiza kichwa?"

Verlyn alikuwa mlangoni, akasikia. Alikuja akaketi kando yake, jambo ambalo kwa nyonga ile halikuwa dogo.

"Niambie kibanda changu kibaya kila siku ya Mungu," alisema. "Nitakibomoa na kukijenga hadi nife. Lakini usinyamaze tena, mama. Sina wewe mwingine."

Asubuhi ya kwanza Marlys alipotoka na kibanda kipya, Verlyn alisimama dirishani muda wote. Aliporudi, mume akauliza, "Vipi?"

"Si mba..." Marlys alianza. Akavua glovu, vidole vizima, vyenye joto. Akaanza upya. Mlango wa kushoto unaingiza upepo gotini. Kiti kiko chini mno. Na yule aliyechagua rangi ile ya kijani hana macho. Verlyn alichomoa penseli nyuma ya sikio na kwenda ghalani bila kumaliza kahawa. Alikuwa akipiga mluzi.

Mwezi Machi theluji nzito ilianguka. Marlys alisimama tena kwenye majani makavu, na theluji ikaziba ekzosi bila yeye kujua. King'ora kikalia. Hakungoja kupumzika kidogo. Alisukuma mlango, akatoka, akaenda kusimama mbali kwenye upepo. Kibanda kilipokwisha kupata hewa, aliingiza mkono akazima injini, akafukua ekzosi kwa koleo, akaiacha milango wazi hadi king'ora kikanyamaza. Kisha akafunga lango na kurudi kwa miguu.

Aliingia jikoni na buti zake zenye theluji, kitu ambacho nyumba ile haijapata kuona. Verlyn akageuka kutoka kwenye jiko alipokuwa akichemsha kahawa.

"Kimelia," Marlys akasema. "Nimeogopa sana."

Verlyn akazima jiko, akachukua koti lake na gongo. Wakatoka wote wawili kwenda kukitazama.