Stendi za Mwanamke Aliyesimama

— Fumbua macho sasa, mke wangu.

Nikafumbua. Nikaona skrubu, na upande wa chini wa mbao ambao hakuna fundi anayejisumbua kuupiga msasa.

Stendi mpya za kuwekea miti zilikuwa zimejipanga uwani, zimepakwa vanishi, kila moja na bonsai yangu juu yake, mti niliodumaza chunguni kwa kuukata na kuupinda. Nilijua miti ipo huko juu kwa sababu majani ya mmoja yalining'inia. Mingine sikuiona. Tangu ile ajali naishi kwenye kiti cha magurudumu, na watu wazima nawaona matundu ya pua tu.

— Zimependeza, nikasema.

Hata chai ya asubuhi niliisifu kwa sauti hiyo hiyo. Sikuwa na hasira. Sikuwa na chochote ndani, na ndiyo maana dada yangu aliamua kutuma gari linichukue. Kwake, nyumba ya watu wawili wasiosemezana ni gesti.

Simu ilikuwa mapajani. Sikuisikia ikitetemeka, niliona mwanga tu. Dada ameandika: "Dereva yuko njiani. Umeshafungasha?"

Sanduku lilikuwa mlangoni tangu jana. Fundi, ndivyo ninavyomwita mume wangu tangu uchumba, alilipita kila alipoingia jikoni. Hakuuliza, nami sikueleza.

— Kimo umekitoa wapi? nikamuuliza.

— Kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Nilikuwekea alama ya penseli, usawa wa macho yako. Si mwenyewe ulisema bonsai hutazamwa uso kwa uso?

Nilikumbuka. Siku ile ya kupima, kabla ya ajali, alinivua viatu kwanza, akacheka kwamba nimepungua.

— Yule uliyempima alikuwa amesimama, nikasema. Umemjengea yeye.

— Daktari alisema tusubiri...

— Tumesubiri, Fundi. Daktari mwenyewe ameshaacha kusema. Wewe bado unamngoja mke wako, na mimi niko hapa hapa.

Akaingia ndani. Nikajua anafuata sanduku. Akatoka na msumeno na ndoo tupu, akaipindua ndoo kando yangu, akakaa. Akainamisha kichwa mpaka sikio lake likagusa langu.

— Hivi ndivyo unavyoona?

— Ndivyo.

Alitazama zile skrubu kwa muda mrefu. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye vumbi la mbao, uso ukachafuka zaidi. Nikaumia kifuani. Niliumia kweli, na nikashukuru, maana nilidhani huko nako kumekufa ganzi.

Akaweka penseli usawa wa jicho langu, akapiga mstari kwenye mguu wa stendi. Kisha akaishusha miti.

— Nishikie huku, ubao usicheze.

Kabla sijashika, nikamwandikia dada: "Mwambie dereva ageuze."

"Kuna nini tena?"

"Nina kazi."

Vipande vya miguu vikaanguka kimoja kimoja. Aliporudisha mti wa kwanza juu, ukanitazama usoni, mzee mdogo aliyepinda mgongo. Nikacheka. Fundi akageuka haraka, kama mtu aliyeitwa.

Alipokwenda kurudisha sanduku chumbani, alisimama mlangoni pa jikoni, akapiga magoti, akachora alama mpya kwenye fremu. Ya zamani hakuifuta. Sikumwambia aifute.