Kicheko cha Ukurasa wa Sitini

Maboksi manane ya vitabu yalikuwa yametoweka, na uzinduzi ulikuwa saa kumi jioni.

Inspekta alikagua mlango. Kitasa kizima, kufuli halina hata mkwaruzo. Mwizi aliingia kwa ufunguo.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili," alisema mwandishi, mwenye nyumba na mwenye kampuni. Hadithi zake za mapenzi za kuchekesha aliziandika mwenyewe na kuzitoa mwenyewe, sebuleni humu humu. "Mmoja wangu, mmoja wa dada yangu. Lakini dada? Hapana, afande! Yeye ndiye hunisomea kila kitabu kabla hakijaenda kiwandani kupigwa chapa."

"Na hiki?"

Mwandishi alitazama sakafu. "Hiki hakukisoma. Nilikuwa na haraka."

Dada mtu alikuwa pale pale, akikusanya vikombe.

Nakala moja tu ilibaki, mkobani mwa mwandishi. Inspekta akaifungua ukurasa wa sitini, akasoma kwa sauti: bibi harusi kakaa saluni tangu asubuhi, bwana hatokei, simu haipokelewi. Saluni inafungwa. Anarudi kwao kwa miguu, shela kichwani, na njiani anapitia fungu la nyanya aliloagizwa na mama.

Koplo aliyekuja naye alishika mbavu. Inspekta naye, mtu mzima na nyota zake begani, alicheka mpaka machozi. Dada mtu hakucheka. Vikombe viligongana kwenye sinia, akatoka.

Lo! Kicheko kilimkauka inspekta. Alimfuata jikoni.

"Dada, vitabu viko wapi?"

"Chini ya kitanda changu." Hakugeuka. "Nilitaka kuvichoma, nikashindwa. Nilianza kusoma, nikacheka, mdogo wangu ana kipaji jamani. Nikafika pale, nikajiona."

Mwandishi alikuwa mlangoni. "Dada, jina nilibadilisha..."

"Jina ulibadilisha, nyanya ukaziacha. Nilikusimulia wewe peke yako, nikilia, ukaniapia hutamwambia hata mama. Leo ukumbi mzima unicheke, nami niko mezani nagawa vitabu?"

Mwandishi alijifunika uso. "Ndiyo maana sikukupa usome. Niliona haya, dada. Nilijua." Kisha, kwa sauti ndogo: "Afande, nafuta malalamiko. Hakuna uzinduzi."

Inspekta alivua kofia. Alitaka kuomba radhi kwa kile kicheko. Dada mtu alimimina chai, akampa yeye na koplo. Mdogo wake hakumpa.

"Kunywa, afande," alisema. "Wewe hukujua."