Mkono Chini ya Verni

Jua la Kisangani halina huruma na rangi nyekundu. Nyeupe huvumilia, ya majivu huvumilia, lakini nyekundu, miaka miwili tu, inageuka rangi ya ufizi. Papa Maurice alilijua hilo. Kazi yake ni kungoja abiria wa ndege kule uwanja wa Bangboka, gari lake jekundu la teksi likikaa juani kutwa, na wala asingejali likipauka. Ila jioni ile alilipeleka mwenyewe kwa Hemedi, fundi rangi wa Simi-Simi.

Sababu ilikuwa juu ya paa la gari, upande wa dereva.

Mkono.

Paa zima lilikuwa limepauka, lakini hapo palibaki alama ya kiganja, nyekundu kama siku gari lilipopakwa. Kidole gumba na vidole vitatu. Kidole cha mwisho hakikuwepo. Sasa sikia: mkewe, Mama Wivine, hakuwa na kidole hicho. Kilikatwa na kisu cha samaki akiwa mtoto, kwao Yanonge. Na mama yule alikuwa na desturi yake. Kabla ya kupanda gari aliweka mkono paani, akagonga mara tatu. Tok, tok, tok. Maana yake: papa, nimefika, fungua.

Wivine alikufa kwa homa mwaka juzi. Matanga yalipokwisha, ndugu zake wakapakia kila kitu kwenye pirogi, mtumbwi wao: nguo, sufuria, hata picha ya ndoa. Maurice na Wivine hawakujaliwa watoto. Nyumba ikabaki na kiti kimoja na redio. Basi jua lilipolipausha gari na mkono ule ukajitokeza, Maurice alilia kwa furaha. Kila asubuhi aliusalimu. Usimcheke, wewe hujala peke yako miaka miwili. Lakini mwezi ule mkono nao ulianza kupauka.

"Uufunike," alimwambia Hemedi. "Jua isiuguse tena."

"Bon," alisema Hemedi. "Nta, jua ya hapa inaiyeyusha wiki tatu tu. Plastiki ya kubandika inakuwa njano. Verni, ile ya kung'aa kama kioo, ndiyo inakaa miaka. Lakini kwanza napiga musasa, Papa. Rangi ya juu imekufa. Hatufungaka kitu ya kufa chini ya verni."

"Ukipiga musasa, mukono inaondoka?"

"Inaondoka."

"Alors, usipige."

Hemedi alimwaga maji paani, akainama na tochi ya simu yake. Akaukwaruza mkono kwa ukucha. Aliponyanyuka alisema kwa kunong'ona.

"Papa, hii mukono haiko juu ya rangi. Iko chini yake. Hii gari, mbele yenu kuinunua, ilikuwa ya nani?"

"Ya mutu mumoja. Alishahama."

"Ilikuwa nyeupe, naiona chini. Ule mutu ndiye aliipaka nyekundu. Alikuwa anaficha nini?"

"Hemedi. Piga verni."

Mpenda chongo huita kengeza. Hemedi akapiga verni bila msasa, huku akimwomba Mungu chinichini.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Mkono uling'aa, na Maurice akawa anapiga mluzi njiani kama kijana.

Wiki ya pili, saa saba mchana, ndege ilikuwa imeshaondoka na uwanja ukabaki mtupu. Maurice alikuwa ndani ya gari, vioo chini, akijipepea kwa gazeti lake. Ikamjia harufu ya verni mbichi, ingawa ilikauka zamani. Na nyuma ya harufu hiyo, nyingine... udongo. Udongo uliochimbwa sasa hivi.

Tok. Tok. Tok.

Alitabasamu kabla hajafikiri. Kisha akachungulia nje. Hapakuwa na mtu, ni lami tu iliyokuwa ikitetema kwa joto. Akatoka, akatazama paani. Pembeni ya kidole cha tatu palikuwa na doa jekundu, dogo kama punje ya mchele.

Kesho yake doa lilikuwa refu kama ukucha. Ijumaa, lilikuwa na kiungo kimoja.

Kidole kilikuwa kinaota.

Jumamosi, jua likiwa utosini, alilirudisha gari Simi-Simi. Hemedi alitazama mara moja tu.

"Lahaula! Vitano."

"Hii haiko bibi yangu," alisema Maurice. Ilimuuma kuliko siku ya mazishi.

"Haikuwa yeye hata siku moja. Jitenge, Papa, nipige musasa."

Tok. Tok. Tok.

Safari hii Hemedi naye alisikia. Sauti ilitoka chini ya rangi, na verni ikafura pale kiganjani, ikipanda na kushuka kama ngozi ya maziwa yanayochemka.

"Usiitike," Hemedi alinong'ona. "Papa, nakuomba, usiitike."

Maurice aliutazama msasa mkononi mwa fundi. Dakika mbili, basi, imekwisha. Halafu jioni ingefika. Kiti kimoja, redio. Halafu jioni nyingine, na nyingine tena, na hakuna wa kumgongea mpaka afe. Upweke nao ni uchawi, jamani.

"Karibu," alisema.

Verni ikapasuka. Chini yake palikuwa na rangi ya ufizi tu, safi, bila alama yoyote. Msasa ukamdondoka Hemedi. Na mlango wa abiria wa mbele, ambao hakuna aliyeufungua, ukajifunga polepole.

Maurice bado anangoja abiria Bangboka. Wote hukaa nyuma. Wanasema kiti cha mbele kina baridi, na joto lote hili. Nyumbani amenunua kiti cha pili. Hemedi humsalimu kutoka ng'ambo ya barabara, kisha huendelea na safari yake.

Jumapili iliyopita Maurice alianua shati lake la buluu, lile la kazini. Limepauka, kama kila kitu kinachokaa kwenye jua letu. Ila bega la kulia, upande wa kiti cha abiria, buluu ilikuwa mpya, kana kwamba kuna kiganja kinachoikinga hapo kila siku.

Akahesabu vidole. Vitano.

Akasimama nalo muda mrefu uani, peke yake. Kisha akalivaa.